Pambano la Heshima: Bastola Mbili na Hatua Kumi

Watu wawili wanaorushiana ngumi sokoni hawafanyi pambano la heshima. Pambano la heshima ni mapigano ya watu wawili yaliyopangwa kabla, kwa silaha zinazolingana, mbele ya mashahidi, kwa kanuni ambazo pande zote mbili zimezikubali, na sababu yake ni tusi. Kila sehemu ya maelezo haya ina uzito wake. Kwa kuwa limepangwa kabla, hasira ya kwanza imepata muda wa kupoa. Kwa kuwa silaha zinalingana, hakuna anayetafuta ushindi wa hila. Na kwa kuwa chanzo ni tusi, kinachogombewa si mali, si ardhi, wala si kitu chochote kinachoshikika. Desturi hii ilitawala maisha ya tabaka la juu katika nchi nyingi za Ulaya, na baadaye Marekani, kwa zaidi ya miaka 300. Mwanzoni ilitumia upanga. Kuanzia karne ya 18, hasa Uingereza, Ayalandi na Marekani, ilihamia kwenye bastola, na hiyo ndiyo sura yake inayochunguzwa hapa.

Kuna desturi ya kale zaidi inayofanana nayo, ambayo ni vema kuitenga mapema. Katika Ulaya ya zamani, mahakama iliweza kuamuru wadaawa wapigane, kwa imani kwamba Mungu angempa ushindi mwenye haki. Hiyo ilikuwa njia ya kutafuta ukweli. Uingereza iliifuta kisheria mwaka 1819, ingawa kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Pambano la heshima halikutafuta ukweli wowote. Mtu aliyeitwa mwongo, akapigana, akauawa, hakuhesabiwa kuwa amethibitika mwongo. Alizikwa akiwa na heshima yake kamili, na aliyemuua naye alibaki na yake. Jambo hili humchanganya msomaji wa leo, kwa hiyo tulichukue polepole.

Heshima, kwa maana inayohitajika hapa, si tabia njema iliyomo moyoni mwa mtu. Ni hukumu ambayo wenzake wamempa. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuikosa, na tapeli anaweza kuwa nayo tele. Kwa kuwa imo mikononi mwa wengine, wengine wanaweza kuiondoa, hata kwa neno moja lililosemwa mezani wakati wa chakula. Na hukumu hiyo ilikuwa na kazi. Katika karne ya 18, mikopo mingi ilitolewa kwa kutegemea neno la mkopaji. Vyama vya siasa vilikuwa dhaifu au havikuwapo, hivyo mwanasiasa alifuatwa kwa jina lake. Ofisa wa jeshi alitiiwa na watu waliopaswa kuamini kwamba hatakimbia. Kwa watu hawa, kuitwa mwongo au mwoga kuligusa mkate wao. Ndiyo maana kanuni zilizoandikwa na waungwana wa Ayalandi mjini Clonmel mwaka 1777 zililipa neno «mwongo» uzito wa pekee: aliyelitamka kwanza alitakiwa aombe radhi waziwazi, au sivyo risasi zipigwe mara mbili kabla radhi yake haijapokelewa.

Sasa swali: mtu aliyetuhumiwa afanye nini ili aaminiwe tena? Akisema «mimi ni mwaminifu», hajasema lolote, kwa sababu mwongo naye angesema hivyo hivyo. Ishara ina thamani pale tu ambapo asiye na sifa inayodaiwa hawezi kuitoa kwa urahisi. Tuiite ishara ya gharama. Kusimama bila kujikinga mbele ya bastola ya mtu mwingine ni ishara ya aina hiyo. Haithibitishi kwamba msimamaji husema kweli. Inathibitisha kwamba anaithamini hukumu ya wenzake kuliko uhai wake, na mtu wa namna hiyo, kwa hesabu ya wakati ule, angeweza kukopeshwa, kufuatwa na kuaminiwa. Ikiwa gharama ndiyo maana yenyewe ya pambano, basi kulenga shabaha si jambo kuu. Jambo kuu ni kulengwa.

Hapa yafaa kutaja utafiti wa wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Dov Cohen, waliochapisha kitabu kuhusu utamaduni wa heshima mwaka 1996. Katika majaribio yao kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi alipigwa kikumbo ukumbini na kutukanwa na mtu aliyeandaliwa, kisha mate yake yakapimwa. Kwa vijana waliotoka kusini mwa Marekani, viwango vya kotisoli, homoni ya msongo, na testosteroni, homoni inayohusishwa na ushindani, vilipanda kuliko kwa wenzao wa kaskazini. Maelezo ya watafiti ni kwamba wahamiaji walioujenga utamaduni wa kusini walitoka katika jamii za wafugaji, ambako mali ina miguu na huibwa kwa usiku mmoja, na dola iko mbali. Mfugaji wa namna hiyo hulindwa na sifa ya kutochezewa. Maelezo haya yana nguvu kwa watu wa mashambani. Kwa mawakili na mawaziri wa New York, maelezo ya mkopo na siasa yanatosha zaidi.

Tuje kwenye silaha. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Katika kila gramu 100, shura huwa kiasi cha gramu 75, makaa 15 na salfa 10. Makaa na salfa ndivyo vinavyoungua. Shura kazi yake ni kutoa oksijeni, na kwa sababu hiyo baruti huungua hata ikiwa imeshindiliwa ndani ya chuma pasipo na hewa. Ikiungua hutoa gesi yenye moto mkali, na gesi hiyo, ikikosa nafasi ya kutanuka, husukuma kila kilicho mbele yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki gesi, bali hubaki kuwa chembe ngumu. Moshi mzito na masizi ya bastola za kale vilitokana na hilo.

Msomaji aliyewahi kuona gobori ya mwindaji wa kijijini anaijua nusu ya mtambo huu: baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu, kisha tufe la risasi husukumwa kwa kijiti hadi likae juu yake. Nusu ya pili ni jiwe la gumegume. Kifyatulio kikivutwa, nyundo iliyobana kipande cha jiwe hilo huanguka na kukwaruza bamba la chuma. Cheche hudondokea kwenye kisahani chenye baruti laini, moto wake hupenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, na hapo ndipo baruti kuu huwaka. Hatua hizo hufuatana upesi, lakini hufuatana. Kati ya kidole kuvuta na tufe kutoka kuna mwanya mdogo, na katika mwanya huo mkono unatakiwa usitikisike.

Sasa tufanye hesabu ya safari ya tufe likishatoka mtutuni. Bastola za mapambano zilizotengenezwa London na fundi mashuhuri Robert Wogdon ni mfano mzuri. Jozi moja, mali ya mfanyabiashara John Barker Church, ina tundu la mtutu lenye kipenyo cha karibu milimita 14. Tufe la risasi la kutosha humo lina gramu 14 hivi. Tuchukue kasi ya mita 250 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa bastola za aina hii, na umbali wa hatua kumi ndefu, yaani mita 9. Tufe litafika katika sekunde 0.036. Kope za jicho huhitaji muda mrefu kuliko huo kufumba na kufumbua. Katika muda huo mvutano wa dunia utalishusha tufe kwa milimita 6 tu, na upepo hautapata nafasi ya kulifanya lolote. Kwa hiyo njia ya tufe ni mstari ulionyooka, na kosa lolote linatoka mkononi.

Mkono unaweza kukosea kiasi gani? Mwanamume aliyesimama ubavu, kama ilivyokuwa desturi, humpa mpinzani shabaha yenye upana wa sentimita 25 hivi. Kutoka mita 9, nusu ya upana huo ni pembe isiyofika digrii 1. Kwa mtutu wenye urefu wa sentimita 25, mdomo ukihama milimita 3 na nusu kutoka mstari wa katikati, tufe linapita kando. Unene wa kamba nyembamba ndio uliotenganisha kupata na kukosa, na mkono uliopaswa kuuhifadhi ulikuwa wa mtu ambaye moyo wake unadunda mbele ya mtutu mwingine. Desturi ya Waingereza iliongeza bahati kwa makusudi: mtutu uwe laini ndani, usio na michirizi ya kuzungusha tufe ili lilenge sawasawa, na kulenga kwa muda mrefu kuhesabiwe aibu. Kuna mafundi waliochonga michirizi ya siri iliyoishia kabla ya mdomo wa mtutu, mteja asigundulike. Mteja wa bastola ya namna hiyo alikuwa akinunua ushindi, na ushindi haukuwa bidhaa iliyouzwa katika pambano la heshima.

Bastola za Church zina hadithi inayojulikana kwa undani. Mwanzoni mwa 1804, kwenye chakula cha jioni mjini Albany, Alexander Hamilton, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, alisema maneno ya kumdharau Aaron Burr, Makamu wa Rais. Mmoja wa waliokuwapo aliyataja katika barua, barua ikachapishwa gazetini. Burr, aliyeshindwa uchaguzi wa ugavana wa New York Aprili mwaka huo, alidai maelezo mwezi Juni. Barua zilikwenda na kurudi, kila moja ikipunguza nafasi ya mapatano. Kabla ya pambano Hamilton aliandika waraka wa kueleza msimamo wake. Alitaja sababu za kukataa: dini yake, mkewe na watoto, wadai wake. Kisha akaeleza kwamba asipokubali, hataweza tena kuwa na manufaa katika mambo ya umma, kwa kuwa watu wangali wanaishika desturi hiyo. Sijui maelezo mengine yanayoonyesha waziwazi kuliko haya jinsi mtu mwenye akili kubwa alivyoweza kuiona desturi kuwa mbaya na bado akaitii. Mwanawe Philip alikuwa ameuawa katika pambano la bastola mwaka 1801.

Asubuhi ya Julai 11 walivuka mto Hudson kwa mashua mbili hadi Weehawken, jimbo la New Jersey, kwenye kijukwaa cha ardhi chini ya majabali. Angalia jinsi sheria ilivyokwepwa. Bastola zilisafirishwa zikiwa zimefungiwa, ili wapiga makasia waweze kuapa kwamba hawakuziona. Daktari David Hosack alibaki chini, pasipoonekana uwanja, kwa sababu hiyo hiyo. Waliobaki uwanjani walikuwa wapinzani na wasimamizi wao wawili, Nathaniel Pendleton upande wa Hamilton na William Van Ness upande wa Burr. Msimamizi ni mtu anayekabidhiwa mambo yote ya upande mmoja: kuandika barua, kutafuta suluhu, kupima hatua, kushindilia bastola mbele ya mwenzake. Wasimamizi wazuri walizima mapambano mengi kabla ya kufika uwanjani. Wabaya, na wenye umri mdogo hasa, waliyachochea.

Bastola hizo zilikuwa na kifyatulio cha ziada cha kulainisha mvuto, kiasi kwamba mguso mdogo wa kidole ulitosha. Pendleton alieleza baadaye kwamba alimuuliza Hamilton kama akitegue, naye akajibu si safari hii. Milio miwili ilisikika. Nani alitangulia? Wasimamizi walikubaliana karibu kila jambo isipokuwa hili. Tufe la Hamilton lilikata tawi la mti juu, mbali na Burr. La Burr lilimpata Hamilton upande wa kulia, juu ya nyonga.

Ni lazima kueleza kilichofuata bila haraka, kwa kuwa hapo ndipo michoro ya pambano la heshima hudanganya zaidi. Tufe la gramu 14 kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde lina nishati mwendo ya juli 437 hivi, sawa na jiwe la kilo 1 lililoangushwa kutoka mita 44. Madini ya risasi ni laini. Yakigonga mfupa hubapa, hupinda njia na kuvunja. Tufe hilo, kwa mujibu wa uchunguzi aliouandika Hosack, lilivunja ubavu mmoja wa chini, likapita kwenye ini na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, likakwama katika pingili ya uti wa mgongo kiunoni. Hamilton alimwambia daktari kwamba jeraha ni la kufa. Miguu yake haikuwa na hisia tena. Ndani ya tumbo ilikutwa karibu nusu lita ya damu iliyoganda. Alipigwa risasi asubuhi ya saa 1 na akafa siku ya pili saa 8 mchana. Saa zote hizo 31 alikuwa hai, mara nyingi akiwa na fahamu, huku dawa pekee ya maana ikiwa laudanamu, kasumba iliyoyeyushwa katika kileo.

Na hata kama tufe lisingepita kwenye ini, jeraha la tumbo lilikuwa karibu hukumu ya kifo. Matumbo hubeba bakteria wengi wasio na madhara maadamu wamo ndani yake. Utumbo ukitoboka, bakteria hao humwagikia kwenye utando unaolizunguka tumbo kwa ndani, utando huo huvimba na kuoza, na sumu huenea mwilini. Tufe nalo huingia na vipande vya nguo chafu. Watu wa 1804 hawakujua kwamba kuna bakteria wanaoozesha jeraha. Joseph Lister alianza kuchapisha njia yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867, ganzi ya etha ilionyeshwa hadharani mwaka 1846, na upasuaji wa kufungua tumbo lililopigwa risasi ulikuja baada ya hayo yote. Daktari wa wakati ule alichimba kwa kidole na koleo, kisha akasubiri.

Alexander Pushkin, mshairi wa Urusi ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika Abram Gannibal, alisubiri hivyo hivyo mwaka 1837. Georges d'Anthès alimpiga chini ya tumbo kwenye theluji, nje kidogo ya St Petersburg, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Pushkin, akiwa amelala chini, alifyatua na kumjeruhi d'Anthès mkono. Madaktari walimwekea ruba za kunyonya damu, tiba ya kawaida ya wakati huo, iliyomwondolea mgonjwa damu aliyoihitaji. Alikufa baada ya karibu siku mbili. Andrew Jackson alipata bahati tofauti. Mwaka 1806, huko Kentucky, alimwacha Charles Dickinson afyatue kwanza, akapokea tufe karibu na moyo, kisha akamuua. Tufe halikuweza kutolewa. Lilikaa kifuani mwake miaka yote ya urais wake, na hata alipokufa mwaka 1845.

Mapambano mengi hata hivyo hayakuua mtu. Wengine walikosa kwa sababu ya ile milimita 3 na nusu. Wengine walikosa kwa makusudi. Duke wa Wellington alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1829 alipambana na Lord Winchilsea. Tufe lake lilipita kando, na Winchilsea akafyatua hewani, halafu akaomba radhi kwa maandishi. Kanuni za Clonmel zilikataza kabisa kupiga hewani, na katazo hilo ni la kimantiki: wote wakijua kwamba hakuna atakayelenga, gharama inatoweka na ishara inatoweka nayo.

Mantiki hiyo hiyo inaeleza kwa nini sheria ilishindwa muda mrefu hivyo. Kuua katika pambano kulikuwa mauaji kisheria, na adhabu ilikuwa kifo. Lakini adhabu ya kifo haimtishi aliyekwisha kukubali kufa ili asidharauliwe, na baraza la wazee wa mahakama halikupenda kumnyonga muungwana. Burr alishtakiwa kwa mauaji na hakuhukumiwa kamwe. Lord Cardigan, aliyemjeruhi Kapteni Tuckett mwaka 1840, aliachiwa huru mwaka uliofuata kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha jina kamili la majeruhi. Kila adhabu iliyoongezwa kwa hakika iliongeza hatari ya pambano, na hatari ndiyo iliyolipa maana.

Uingereza ilifanikiwa ilipobadilisha mahali pa kushika. Mwaka 1843 Luteni Kanali David Fawcett aliuawa London na Luteni Alexander Munro, mume wa dada wa mkewe. Serikali ilimnyima mjane wa Fawcett pensheni. Mwaka 1844 kanuni za jeshi zikarekebishwa: ofisa anayepambana au kuchochea pambano afukuzwe, na ikatamkwa kwamba kuomba radhi kwa kosa, na kuipokea radhi, ni jambo linalowastahili watu wenye heshima. Msomaji aone ustadi uliomo. Gharama ilihamishwa kutoka kwa mume aliyekubali kufa ikaenda kwa mke asiyekubali kufa njaa, na hukumu ya wenzake, ile ile iliyomlazimisha kupigana, ikapewa ruhusa rasmi ya kumsamehe. Ni njia kali, hasa kwa wajane, lakini ilifanya kazi. Katika miaka michache mapambano kati ya maofisa wa Uingereza yalikuwa karibu yamekwisha.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Mapambano yalidumu huko hadi karne ya 20, mengi kwa upanga, na mengi yakiishia kwenye mkwaruzo. La mwaka 1967 kati ya wanasiasa Gaston Defferre na René Ribière lilikomeshwa baada ya Ribière kupata majeraha madogo mawili. Uruguay nayo ilifanya jambo la pekee. Aprili 1920 aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, José Batlle y Ordóñez, alimuua kwa bastola mwanasiasa Washington Beltrán, na baadaye mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuruhusu mapambano, kwa sharti kwamba kwanza baraza la heshima liamue kama tusi linastahili. Kazi ya wasimamizi ilikuwa imechukuliwa na dola. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1992.